Kisiwa cha Toba Iliyokosekana

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola anayempa ufalme amtakaye na kumvua amtakaye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake, na kila aliyeufuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Baada ya darsa ya Maghribi, kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani alibaki nyuma mpaka watu wakatawanyika. Akanisogelea, akaniuliza: "Ustadh, ni kweli kwamba Napoleon alisilimu? Na ni kweli kuwa hakufia kule kisiwani, bali alitoroka?" Nikamuuliza ameyapata wapi maneno hayo. Akanijibu kuwa la kwanza amelisoma katika karatasi iliyokuwa ikigawiwa mlangoni mwa msikiti, na la pili ameliona katika filamu.

Nilimjibu kwa ufupi usiku ule, lakini maswali yake hayakuniacha. Kijana huyu ni msomi, anahudhuria sala ya jamaa, na Qur'ani anaisoma vizuri. Hata hivyo aliuliza maswali mawili juu ya dhalimu mkubwa wa zama zilizopita, na katika mawili hayo halikuwamo lile ambalo Qur'ani hutufundisha kuliuliza kila inapotusimulia habari za wenye nguvu walioanguka. Hakuniuliza: mtu yule aliufanyia nini ufalme wake, na alipopokonywa, alijiandaa vipi kukutana na Mola wake?

Makala hii ni jibu lililotimia zaidi, kwake na kwa wenzake wengi. Sizungumzii hapa hukumu ya kutazama filamu; hilo lina mlango wake katika fiqhi. Nazungumzia kile ambacho filamu hii, na ile karatasi ya mlangoni pamoja nayo, vinakifanya katika akili ya Muislamu.

FILAMU NA SWALI LAKE

Filamu anayoikusudia kijana yule ni Monsieur N., iliyotengenezwa na Mfaransa Antoine de Caunes mwaka 2003. Inahusu miaka ya mwisho ya Napoleon Bonaparte katika kisiwa cha Saint Helena. Mwandishi wa filamu amemweka afisa kijana wa Kiingereza, Basil Heathcote, aliyekuwa akimlinda mfungwa yule, ambaye baadaye anaanza kutilia shaka yaliyopita pale. Ndani yake yumo gavana mkali, wamo wafuasi wanaooneana wivu, umo urithi unaogombaniwa, na mwisho mtazamaji anaachiwa dokezo kwamba huenda maiti iliyopelekwa Paris kwa heshima kubwa si ya Napoleon, bali ni ya mtumishi wake Cipriani, na kwamba mwenyewe alitoroka akaishi kwa salama mbali na Ulaya.

Ni hadithi iliyosukwa kwa ustadi, na ndiyo maana inafaa kuangaliwa kwa makini. Kwa muda wote ule moyo wa mtazamaji unafungwa kwenye swali moja: je, alifaulu kutoroka? Na anayeuliza swali hilo kwa muda mrefu huishia kutamani kwamba alifaulu. Muislamu anakaa mbele ya kioo, na bila ya kujijua anamwombea kheri mtu aliyeelekeza mizinga yake kwenye Al-Azhar.

UKWELI WA KISIWA KILE

Tuyaeleze kwanza yaliyothibiti. Napoleon alishindwa Waterloo mwezi Juni 1815, akajisalimisha kwa Waingereza. Waliogopa kumweka Ulaya, kwani mapema mwaka ule ule alikuwa ametoka katika kisiwa cha Elba na kurejea katika utawala. Wakamchagulia Saint Helena, kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 122 katikati ya bahari ya Atlantiki, umbali wa takriban kilomita 1,900 kutoka pwani ya magharibi ya Afrika. Alifika Oktoba 1815, akakaa kwanza katika makazi ya familia ya Balcombe, na Desemba akahamishiwa nyumba ya Longwood, mahali penye upepo, unyevu na panya.

Aprili 1816 alifika gavana mpya, Hudson Lowe. Kati yao kulizuka ugomvi usiokwisha: juu ya matumizi ya nyumba, juu ya mipaka ya matembezi, na zaidi juu ya jina. Gavana alikataa kumwita mfalme. Kwake yeye alikuwa ni "Jenerali Bonaparte" tu. Ugomvi huo ulimfuata mpaka kaburini. Alipokufa tarehe 5 Mei 1821, akiwa na umri wa miaka 51, pande mbili hazikuafikiana nini kiandikwe, na jiwe likawekwa bila ya jina. Mwaka 1840 kaburi lilifunguliwa, maiti ikasafirishwa Ufaransa, na mwezi Desemba ikaingizwa katika jengo la Invalides mjini Paris.

Mimi sina haja ya kumtetea Hudson Lowe. Uislamu umetuamrisha tusiache uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, na hilo limo katika Suratul Maida, aya ya 8. Kumhamisha mtu mpaka mwisho wa dunia bila ya kumfikisha mbele ya hakimu si uadilifu, hata kama mtu huyo ni dhalimu. Ninachokataa ni kumfanya mtu aliyedhulumiwa kidogo mwishoni mwa umri wake aonekane kama kwamba hakuwahi kudhulumu.

SHUBHA YA KWANZA: "ALISILIMU"

Sasa tuingie katika ile karatasi ya mlangoni. Wako ndugu zetu, na nia zao naamini ni njema, wanaoeneza kuwa Napoleon alikuwa Muislamu. Wengine humwita Ali Bonaparte. Hoja zao ni mbili: tangazo lake kwa watu wa Misri, na maneno ya kuusifu Uislamu aliyoyasema mbele ya wafuasi wake alipokuwa Saint Helena.

Ama tangazo, lilitolewa Julai 1798 alipoingia Misri na jeshi lake. Lilianza kwa Bismillah na kwa shahada ya kumpwekesha Mwenyezi Mungu, kisha likadai kuwa Wafaransa nao ni Waislamu wa kweli, na ushahidi wao ni kwamba walikwenda Roma wakakivunja kiti cha Papa. Mwanachuoni wa Kairo aliyeishi katika siku zile, Sheikh Abdulrahman al-Jabarti, alilisoma tangazo hilo na akalijibu neno kwa neno. Alianza na sarufi yake, akaonyesha makosa ya i'rabu mstari baada ya mstari, kisha akageukia maana yake. Alichokiona ni kuwa watu hawa, kwa kujifanya wanaafikiana na dini zote tatu, walikuwa hawamo katika hata moja. Hakuhitaji zaidi ya karatasi ile ile waliyomletea.

Muislamu anayetaka kujua Napoleon alikuwa nani kwetu na amsome al-Jabarti, asome habari za Oktoba 1798. Watu wa Kairo walipoinuka dhidi ya jeshi la kigeni, mizinga ilielekezwa kwenye Al-Azhar na mitaa inayouzunguka. Kisha askari waliingia msikitini na farasi wao, wakawafunga upande wa kibla, wakavunja masanduku ya wanafunzi, wakatupa vitabu na misahafu, wakaikanyaga. Miezi michache baadaye, Machi 1799, katika mji wa Yafa huko Palestina, maelfu ya askari waliokwisha kusalimu amri waliuawa ufukweni kwa amri yake. Na Agosti mwaka huo huo alipanda merikebu kwa siri kurudi Ufaransa, akaliacha jeshi lake mikononi mwa Jenerali Kléber, ambaye alipata habari ya cheo chake kipya kwa barua, baada ya mkubwa wake kuwa keshaondoka.

Ama maneno ya Saint Helena, ni kweli kuwa wafuasi wake walimnukuu akiusifu Uislamu kwa wepesi wa itikadi yake. Lakini sifa si shahada. Abu Talib alimsifu na kumlinda Mtume (S.A.W.) kwa mengi zaidi ya hayo, na tunajua alikufa katika hali gani. Tena Napoleon mwenyewe ametukata maneno: katika wosia wake wa Aprili 1821 alitangaza kuwa anakufa katika dini ya Kikatoliki aliyozaliwa nayo, na padri akamhudumia kabla ya kufa. Aliyetangaza kusilimu ni jenerali wake Menou, aliyeoa Misri na kujiita Abdullah. Yawezekana wapo waliochanganya habari za wawili hawa.

Naomba niwaulize ndugu wanaoigawa karatasi ile: tunamhitajia wa nini? Je, Uislamu una upungufu ambao hauwezi kuzibwa ila kwa jina la jemadari wa Kizungu? Umma uliotoa Salahuddin na Umar bin Abdulaziz unaomba cheti cha kuthibitishwa kutoka kwa mtu aliyefunga farasi katika kibla chake! Huu si utetezi wa dini. Ni unyonge wa nafsi uliovishwa kanzu ya daawa, na unatudhuru mara mbili, kwani kijana atakapoujua ukweli atadhani kuwa yote aliyoyasikia msikitini ni ya namna hiyo hiyo.

SHUBHA YA PILI: "HAKUFIA PALE"

Filamu nayo inakuja na kitendawili cha maiti. Hapa ni lazima tuseme kwamba kitendawili hiki kina mbegu ndogo ya kweli, kwani Cipriani alikuwapo, alikufa ghafla Februari 1818, na kaburi lake halikupatikana. Lakini kutoka katika kaburi lililopotea mpaka katika mfalme aliyetoroka kuna mwendo mrefu usio na daraja. Madaktari waliichunguza maiti ya Napoleon siku iliyofuata kifo chake, mbele ya mashahidi, na wakakuta ugonjwa mkubwa tumboni. Baba yake naye alikufa kwa ugonjwa wa tumbo. Kaburi lilipofunguliwa mwaka 1840, waliokuwapo ni watu waliokaa naye miaka ile, na walimtambua, kwa kuwa maiti ilikuwa haijaharibika sana.

Kisha ikaja shubha nyingine, ya sumu. Mwaka 1961 daktari wa meno wa Kiswidi, Sten Forshufvud, alidai kuwa katika nywele za Napoleon kulikuwa na sumu ya aseniki, basi lazima aliuawa. Mwaka 2008 wataalamu wa Italia walizipima nywele zake za nyakati mbalimbali, tangu utotoni, wakakuta kuwa kiasi cha sumu hiyo kilikuwamo maisha yake yote, kama kilivyokuwamo katika nywele za watu wengine wa zama zile. Kwa hiyo mtu yule alikufa kama wanavyokufa watu: aliugua, akadhoofika, muda wake ukatimia, akafa.

Ndugu Muislamu, tafakari kwa nini watu hawaridhiki na jibu hili jepesi. Aliyewatawala wafalme wa Ulaya haingii akilini mwao kuwa ameuawa na tumbo lake. Wanataka awe ameuawa kwa hila kubwa au ametoroka kwa hila kubwa zaidi. Lolote, maadamu si kufa kama mtumishi wake. Hii ni aina ya ibada, nayo ni ya masanamu. Sisi tunasoma katika Suratu Yunus, aya ya 90 hadi 92, kwamba Firauni alipokuwa anazama alidai kuamini, akaulizwa kama ni sasa ndipo anapoamini ilhali kabla ya hapo aliasi, kisha Mwenyezi Mungu akaujaalia mwili wake ubakie ili uwe ishara kwa wanaokuja baada yake. Mwili umebaki ili tuzingatie. Watengeneza filamu wao wanauficha mwili ili tusizingatie, tubaki tunautafuta.

MIAKA MITANO NA NUSU

Sasa nifike katika jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha yote. Tangu Oktoba 1815 mpaka Mei 1821 ni miaka mitano na nusu na zaidi. Mwenyezi Mungu alimpa mtu yule kitu ambacho madhalimu wengi hawakukipata. Firauni alipewa pumzi chache baharini. Huyu alipewa zaidi ya miezi 60 ya faragha, bila ya jeshi, bila ya ufalme, akiwa na akili timamu, wino, karatasi na waandishi. Alizitumia kwa nini?

Alizitumia kuandikisha utetezi wake. Asubuhi na usiku aliwaimlia wafuasi wake, Las Cases, Gourgaud na Montholon, habari za vita vyake na sheria zake, akieleza kwa nini kila kosa lilikuwa la mwingine. Kitabu cha Las Cases kilitoka mwaka 1823, kikasomwa Ulaya nzima, na mtu aliyechukiwa na mama waliopoteza watoto wao akageuka kuwa shujaa aliyefungwa mwambani. Filamu ya 2003 ni mtoto wa kitabu kile. Kazi aliyoianza mwenyewe kwa ulimi wake, wengine wanaiendeleza kwa picha.

Na wosia wake ndio ushahidi wa mwisho. Mwaka 1804 alimteka mwana wa ukoo wa kifalme, Duke wa Enghien, kutoka nje ya mipaka ya Ufaransa, akahukumiwa usiku na kuuawa kwa risasi. Katika wosia, akiwa kitandani mwa mauti, hakuomba radhi. Alisema kuwa lau hali ingekuwa ni ile ile, angelifanya lile lile tena. Zaidi ya hayo, tarehe 24 Aprili 1821, siku 11 kabla ya kufa, aliongeza kifungu cha kumpa faranga 10,000 mtu aliyeitwa Cantillon, aliyekuwa ametuhumiwa kujaribu kumuua Wellington, yule jemadari aliyemshinda Waterloo. Hiyo ndiyo sadaka aliyoitanguliza mbele yake.

Yako jambo jingine ambalo kila mtu mweusi aliyeitazama filamu ile angepaswa kulijua. Utumwa ulikuwa umefutwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1794. Napoleon akaurejesha mwaka 1802. Mwaka huo huo kiongozi wa watu weusi wa Haiti, Toussaint Louverture, alikamatwa kwa hila akiwa ameitwa kwenye mazungumzo, akavushwa bahari, akafungwa katika ngome ya Joux, katika milima ya baridi kali ya Ufaransa. Hakufikishwa mahakamani. Alikufa humo Aprili 1803, chini ya mwaka mmoja. Basi aliyelalamikia unyevu wa Longwood ndiye aliyemtupa mzee wa nchi ya joto katika jiwe na theluji. Siku hizi Mwenyezi Mungu huzizungusha baina ya watu, kama tulivyofahamishwa katika Suratu Aal Imran, aya ya 140.

Wala tusimnyime kidogo alichokifanya. Katika bustani ya akina Balcombe alimkuta mtumwa mzee aitwaye Toby, aliyechukuliwa kutoka nchi za Wamalay, akamwonea huruma, akataka kumnunua ili awe huru, na wenye mamlaka wakakataa. Wapenzi wake huisimulia habari hii kwa machozi. Mimi nasema: huruma ile ilikuwa ni mlango aliofunguliwa. Kwa mzee yule mmoja angewakumbuka maelfu aliowarejesha katika minyororo miaka 13 kabla yake. Aliuona mlango, akamwonea huruma aliyesimama mbele yake, kisha akarudi kwenye kuimla habari za ushindi wake.

Mwenyezi Mungu anatufahamisha katika Suratul Qiyama, aya ya 14 na 15, kwamba mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake, hata akitoa nyudhuru zake. Na katika Suratul Israa, kwamba kila mtu atapewa kitabu chake akisome mwenyewe. Kitabu hicho hakiandikwi na Las Cases.

NA KWETU PIA

Atasema msomaji: "Ustadh unawaandama Wafaransa, na sisi je?" Swali hili ni la haki, na Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimame na uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Tuliosoma kwa Kiarabu tumelelewa kumlilia al-Mu'tamid bin Abbad, mfalme wa Ishbiliya katika Andalusi, aliyeondolewa mwaka 1091 na kuhamishiwa Aghmat katika Morocco, akafia huko mwaka 1095. Mashairi yake ya ufungwani, juu ya binti zake waliovaa matambara wakisokota nyuzi kwa ujira, hayasomwi bila ya jicho kulowa. Lakini ni wangapi kati yetu waliofundishwa kwa uzito ule ule kwamba mfalme huyu alikuwa akimlipa Alfonso wa Castile ushuru uliokamuliwa kutoka kwa Waislamu, ili yeye abaki na kasri na washairi? Ubeti mzuri umefuta deni katika vitabu vyetu. Kosa ni lile lile. Tofauti ni kwamba sisi tulilifanya kwa shairi kabla wao hawajalifanya kwa filamu.

Na kisiwa kile kile cha Saint Helena kilimpokea mfungwa kutoka kwetu. Sayyid Khalid bin Barghash alijitangaza Sultani wa Zanzibar Agosti 1896, baada ya kufa Sayyid Hamad bin Thuwaini, bila ya ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti manowari zao zililipiga kasri kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 wakauawa na kujeruhiwa. Sayyid Khalid alipata hifadhi kwa balozi wa Kijerumani, akapelekwa Dar es Salaam, na Waingereza wakamkamata mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu. Walimhamishia Saint Helena na Shelisheli, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafa Mombasa mwaka 1927.

Hakuna aliyemtengenezea filamu ya kitendawili. Watoto wetu wanaojua jina la farasi wa Napoleon hawajui kuwa mtu wa pwani yao alifungwa katika kisiwa kile. Huu ni msiba wa elimu. Lakini hata tutakapomwandikia habari zake, na ni wajibu tuziandike, tusirudie kosa la al-Mu'tamid. Tuseme kuwa mizinga ya Waingereza ilikuwa ni dhulma ya wazi. Tuseme pia kwamba miongoni mwa waliokuwamo kasrini mlikuwamo watumishi na watumwa ambao hawakuulizwa kama wanataka kufa kwa ajili ya kiti. Nani anajua majina yao? Mwenyezi Mungu anayajua, na mbele Yake wao ndio wenye kesi.

Ukitaka mfungwa wa kumfuata, tazama Damascus mwaka 728 Hijria, sawa na 1328. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya alikuwa mfungwa ngomeni kwa ajili ya fatwa zake. Miezi ya mwisho walimnyang'anya kalamu na karatasi. Hakuimla utetezi wa jina lake. Alishughulika na Qur'ani, akiihitimisha mara kwa mara, mpaka akafa humo. Watu wawili walifungwa. Mmoja alipewa wino, akautumia kujitakasa mbele ya watu; mwingine alinyimwa wino, akajishughulisha na Mola wake.

WALIOVULIWA UONGOZI MISIKITINI

Huenda ukaona haya ni ya wafalme, wewe hayakuhusu. La hasha! Kila mmoja wetu ni mchungaji. Nani katika sisi hajamwona mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mweka hazina wa madrasa, au kiongozi wa jumuiya aliyeondolewa, kisha miaka yake iliyobaki ikawa ni Saint Helena ndogo? Anakaa barazani na wafuasi wake wawili watatu. Kila jioni anawaimlia: namna alivyojenga, namna alivyosalitiwa, namna waliomfuata walivyoharibu. Hesabu za waqfu hajazirudisha. Mjane aliyepokonywa nafasi yake ya duka la msikiti hajaombwa radhi. Lakini jina linasafishwa usiku na mchana, na sisi vijana tunakaa kumsikiliza, tunapiga soga juu ya nani alimpindua, kama watazamaji wa filamu.

Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiama ni hizaya na majuto, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatimiza yaliyo juu yake. Na ametuusia kuwa aliyemdhulumu ndugu yake amtake ahalalishiwe leo, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Kuvuliwa cheo ukiwa hai ni rehema, laiti tungelijua. Ni Mola wako anakupa nafasi ya kulipa madeni kabla ya kufungwa daftari. Anayeitumia nafasi hiyo kuandika sifa zake amekabidhiwa ufunguo, akautupa baharini.

Basi ewe kijana uliyeniuliza baada ya Maghribi, jibu langu ni hili. Hakusilimu. Hakutoroka. Na lau angelitoroka mpaka mwisho wa dunia, asingelitoroka kitabu chake. Tunasoma katika Suratud Dukhan, aya ya 25 hadi 29, habari za watu walioacha nyuma yao mabustani na chemchemi, mashamba na makao ya fahari, kisha mbingu na ardhi zisiwalilie. Usilie pale ambapo mbingu hazikulia. Na utakapomwona mtu wa mtaani kwako ameangushwa kutoka katika uongozi, usimcheke wala usimtungie hadithi. Mwendee kwa upole, umkumbushe kuwa bado anao muda.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie tujihesabu kabla hatujahesabiwa, aturuzuku toba kabla ya mauti, na aufanye mwema mwisho wetu. Wallahu a'lam.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.